Mama Ouma, Namba Haipo

Gatina, Kawangware
Jumanne, 2 Septemba 2025

Mama mdogo,

Bwana asifiwe. Najua umeshangaa, maana ulizoea nikuanze na "niaje mathee" ndipo unirushie kiatu. Lakini mwaka mzima na zaidi bila kusikia sauti yako umenitia adabu. Mimi ni mzima. Baridi ya Julai ilinikamata kifua, kikakaa wiki tatu, kikaachilia. Wakarima, mwenye ploti yetu, ameongeza ghorofa ya tano juu ya vichwa vyetu na sasa maji yananifikia Jumatano tu, tena nikiwa na bahati. Kwaya ya hapa nimeacha. Wanaimba kwa pua na hawataki kuambiwa.

Simu zangu huzipokei tangu tumzike mwanao Ouma. Nimepiga mpaka nikaona aibu mbele ya simu yenyewe. Sasa Phanice, huyu anayechukua mboga kwako Jumanne na Ijumaa kuja kuuza huku, amekubali kubeba barua. Soma hata kama umenuna. Siandiki juu ya yale ya mazishini, hayo tuyaache yalipolala. Naandika juu ya nyumba yako.

Tangu Juni nimepata kazi kwenye ofisi inayotayarisha orodha ya watu wa kando ya bwawa watakaohamishwa. Machi vijana walipita mlango kwa mlango wakipaka namba nyekundu na kuuliza nani anaishi ndani. Hiyo ni orodha ya kwanza, ya milango. Julai mkaitwa uwanjani, mkapanga foleni, mkaandikisha majina. Hiyo ni ya pili, ya watu. Kazi yangu ni kuziunganisha ziwe moja. Nachukua namba ya kitambulisho upande wa milango, naitafuta upande wa watu. Ikipatikana kotekote, mlango umepata mtu wake, na mtu amepata nyumba kule mnakohamishiwa. Isipopatikana, mlango unabaki peke yake na mtu peke yake, hata kama mtu huyo anaingia kwa mlango huo kila siku ya Mungu.

Jana nikafika sehemu ya Silanga kwenye orodha. Mlango 214. Jina: Mama Ouma. Watu: mmoja. Namba ya kitambulisho: pako wazi. Nikakimbilia orodha ya uwanjani. Filister Adoyo. Namba: wazi tena. Mimi najua hao wawili ni mtu mmoja, kwa sababu mtu huyo alinilea tangu mama afariki nikiwa na miaka sita. Kompyuta haijui. Bosi wangu, Geoffrey, hajui, na siwezi kumwambia, kwa kuwa siku ya kuajiriwa nilitia sahihi kwamba sina jamaa yeyote kwenye orodha. Sikujua bado kama ni orodha ya kwenu.

Orodha inafungwa tarehe 31 Oktoba. Novemba tingatinga zinashuka. Ambaye hayumo atabomolewa kama wenzake, ila yeye hatapelekwa popote.

Nitumie namba yako, Mama mdogo. Tarakimu nane tu. Ziandike hata nyuma ya karatasi ya unga, umpe Phanice. Mengine yote niachie mimi.

Wako,
Jael

* * *

Silanga, Kibera
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Jael, mtoto wa dada yangu,

Nakusalimu kwa jina la yeye aliyetuamsha leo. Barua yako ilifika imelowa, kwa sababu Phanice aliiweka chini ya gunia la kunde, lakini ilisomeka. Sisi tu wazima. Sukuma iliingiwa na wadudu nikainyunyizia majivu, sasa inajitahidi. Bwawa limefunikwa na magugu tena mpaka huwezi kujua maji yanaanzia wapi. Mjomba wako Oluoch ameandika kutoka nyumbani, paa la jikoni liliondoka na upepo na yeye alikuwa chini yake akinywa uji. Hakuumia. Uji ndio uliomwagika.

Kifua chako ukichemshie tangawizi, na uache kulala dirisha likiwa wazi. Tangu utotoni unapenda upepo usiokupenda. Kuhusu kwaya, rudi. Hata wewe sauti yako si ya malaika.

Sasa hiyo namba. Kitambulisho changu kipo, hakijapotea wala hakijaliwa na panya. Waliponiuliza namba sikuwapa, na nilijua ninachofanya. Wewe fanya kazi yao waliyokupa, na mstari wangu uuache ulivyo. Mungu hajawahi kunilaza nje.

Usiniandikie tena mambo ya orodha. Niandikie ya kwako.

Mamako mdogo,
Filister

* * *

Gatina
Ijumaa, 19 Septemba 2025

Mama mdogo,

Salamu, na pole ya uji wa mjomba. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka Mutie, mwenzangu wa meza ya pili, akaniuliza kama nimepata mchumba. Tangawizi nimechemsha. Dirisha nimefunga. Umefurahi?

Umesema nisiandike ya orodha, nami ninayaandika. Utanisamehe, au hutanisamehe, vyote nimevizoea.

Sikiliza kilichotokea Jumatatu. Niliunganisha orodha zote mbili kwa mara ya kwanza. Milango isiyo na namba ilikuwa thelathini na saba. Watu wasio na namba, ishirini na wawili. Nilitegemea watabaki pembeni wakingoja. Kumbe kompyuta ilitazama nafasi tupu huku, ikatazama nafasi tupu kule, ikasema hizi zinafanana, basi ni mtu mmoja. Kila asiye na namba akapewa kila mlango usio na namba. Mistari mia nane na kumi na nne ya watu ambao hawapo. Nicanor wa mandazi, unayemjua, alikuwa na nyumba thelathini na saba. Wewe, Filister Adoyo, ulikuwa unaishi kwa kila mtu Silanga, na ndani ya 214 mlikuwa mmelala watu ishirini na wawili.

Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilicheka pia, mpaka Geoffrey alipofuta macho akasema, "Rahisi. Toa zote tupu. Milango na watu. Tutaendelea na waliopatana."

Nikamuuliza, "Na hao waliotolewa?"

Akasema, "Kama mtu anataka nyumba, atakumbuka namba yake."

Wewe yako unaikumbuka na hutaki kuitoa, na hapo ndipo unaponiua. Ungekuwa umesahau ningekuelewa. Geoffrey nimemwomba aniachie hao watupu mpaka mwisho wa Oktoba, nimesema nahakiki. Amekubali kwa shingo upande.

Halafu unaniandikia "sisi tu wazima." Mlango 214 una mtu mmoja. Sisi ni wewe na nani?

Usiponipa namba, nitaitafuta mwenyewe.

Jael

* * *

Gatina
Jumanne, 23 Septemba 2025

Mama mdogo,

Leo salamu ni fupi. Mimi mzima. Natumaini nawe.

Chini ya kitanda changu kuna sanduku la karatasi za shule. Ndani nimepata ile fomu ya kuomba basari ya karo ya kidato cha pili, uliyoitia sahihi kama mlezi wangu. Namba yako ya kitambulisho imeandikwa kwa kalamu nyekundu, kwa sababu siku hiyo hatukuwa na nyingine. Jana nimeiingiza kwenye orodha. Nilidhani haitapatikana popote.

Imepatikana. Mlango 231. Jina: Celine Atieno. Watu wawili, mmoja mtoto wa kike. Pande zote mbili, milango na watu, namba ni ileile. Wamepatana vizuri kabisa, hata Geoffrey hawezi kuona kasoro.

Kwa hiyo Celine ana nyumba kwa namba yako, na wewe huna nyumba kwa namba yako mwenyewe.

Sasa acha niseme, maana nimelinyamazia kwa mwaka na nusu. Ouma angekuwa hai. Maji ya bwawa yalipoingia Soweto West na Silanga, Ouma alikuwa ameshatoka, amesimama pakavu na watu wengine. Alirudi ndani kwa ajili ya cherehani ya msichana huyo. Celine hakuwa mke wake. Hakuna ng'ombe aliyevuka mlango wa mtu, hakuna hata kuku. Ni kupe. Alimnyonya Ouma mpaka akaisha, sasa amehamia kwako, na wewe unamnyooshea mkono.

Mimi ndiye ninayeshika faili. Kidole kimoja tu nikibonyeza, namba inatoka 231 inarudi 214, na wewe unaingia. Celine atabaki bila namba, aende kwa watupu wenzake. Sioni hata kwa nini nakuuliza.

Nakupa wiki mbili unijibu, kwa heshima ya kunilea.

Jael

* * *

Silanga
Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Jael,

Nakusalimu. Mjomba wako Oluoch amepaua jikoni upya. Mvua imeanza kunyunyiza jioni. Mengine sina hamu ya kuyapamba.

Kabla sijakujibu, ujue anayeandika barua hii ni Celine. Mimi nasema, yeye anaandika. Ile ya kwanza pia aliiandika yeye. Macho yangu yamefunikwa na mtoto wa jicho tangu Januari. La kushoto linaona mwanga wa mlango tu, la kulia linaona mtu lakini halimjui mpaka aongee. Uliona mwandiko si wangu, wewe uliyefundishwa herufi na mkono huu, na hukuuliza.

Na kama ndiye anayeniandikia, basi ndiye anayenisomea. Barua yako ya tarehe 23 alinisomea yote, tumekaa kwenye kizingiti. Hakuruka neno. Palipoandikwa kupe, alisoma kupe. Alisimama mahali pamoja tu, akaendelea. Nilimwambia aache. Akasema, "Mama, barua ni yako, lazima uisikie yote." Huyo ndiye uliyemwandika hivyo.

Umesema ya mazishini tuyaache yalipolala. Hayakulala, Jael. Yalitufuata mpaka hapa.

Unakumbuka programu ya mazishi. Wewe uliichapa, kwa kuwa ndiye msomi wetu, ukaweka ile picha nzuri ya Ouma amevaa tai ya kuazima. Ukaandika, "Ameacha mama yake Filister na dada yake Jael." Basi. Celine alikuwa amekaa kwenye mkeka na akina mama, mimba ya miezi mitano, akapewa karatasi kama mgeni yeyote. Nilimwona akijitafuta. Alisoma upande wa kwanza, akaigeuza, akasoma wa pili, ambao ulikuwa na nyimbo tu. Kisha akaikunja vizuri akaiweka kifuani. Hapo ndipo nilipoacha kupokea simu yako.

Sasa nikueleze yaliyotokea Machi. Kijana wa kupaka namba nyekundu alipofika kwangu nilimwambia, mlango 231 anakaa mke wa marehemu mwanangu na mtoto, waandike kwangu, tuwe kaya moja. Akasema inawezekana, ila anataka kuona kitu. Cheti cha ndoa hakuna. Mahari, umeshatuhesabia kuku. Karatasi pekee yenye familia yetu ndani yake ilikuwa programu, na watu siku hizi wanaiheshimu kuliko cheti, kwa sababu ilisomwa mbele ya umati na hakuna aliyepinga. Nikaitoa chini ya godoro nikampa. Akaisoma, akanirudishia, akasema, "Mama, hapa huyu hayupo."

Celine ana miaka ishirini. Kitambulisho chake hakijatoka, maana anatakiwa alete cha mzazi, na wazazi wake wamekufa wote wawili na karatasi zao. Bila namba, angebomolewa na mtoto mgongoni. Nikampa yangu, akaitaja mlangoni kwake kijana alipofika. Uwanjani walikuwa wanauliza namba kwa mdomo, jua kali, foleni imefika barabarani, akaitaja wakaandika. Mimi mlangoni nikasema naitwa Mama Ouma, kwa sababu jina hilo hakuna mtu ambaye ameweza kunivua, na uwanjani nikasema namba nimeisahau. Nina miaka sitini na moja. Yeye ana mtoto wa mwaka mmoja. Hiyo hesabu haikuhitaji kompyuta yako.

Usiguse mstari wake. Ukimtoa yeye ili uniingize mimi, nitakaa hapa mlangoni mpaka tingatinga inikute, na hutaniita mama tena, mdogo wala mkubwa.

Filister

* * *

Silanga
Jumanne, 21 Oktoba 2025

Jael, nyathina, mtoto wangu,

Salamu. Phanice amekuja mara tano mikono mitupu. Mara ya nne nilimfokea kana kwamba yeye ndiye anayekataa kuandika, akaninunia na kunde zangu akaziacha.

Zimebaki siku kumi. Majirani wote wanafunga vyombo. Jana amepita mtu wa ofisini kwenu, anaitwa Mutie, akauliza kuna hatua ngapi kutoka 214 hadi 231, na kama tunapika jiko moja. Celine alimjibu kwamba ndiyo, tunapika jiko moja tangu tuzike. Akaandika, akaenda. Hakusema kwa nini.

Celine anataka nikurudishie namba uniingize mimi. Amesema yeye ni kijana, atajipanga. Tumegombana mpaka mtoto akalia. Nimekataa, naye amekataa, tunakaa hivyo.

Kama umeshamfuta, niambie. Kama umekasirika, kasirika kwenye karatasi niisikie. Lakini usininyamazie. Mimi ndiye niliyekufundisha kununa, na najua kunavyouma.

Mamako,
Filister

* * *

Gatina
Jumanne, 28 Oktoba 2025

Mama, na Celine anayesoma,

Nawasalimu wote wawili. Niko mzima, ila nimekonda kidogo. Wakarima ananiuliza kama ninafunga na kuomba.

Sikunyamaza kwa hasira. Niliandika barua nne nikazichana. Kwanza niwaambie lililofanyika, maana najua ndilo mnalongojea: hakuna aliyefutwa. Sasa nieleze nilivyofika hapo.

Celine, hapa naongea na wewe. Mama akikuambia uruke, usiruke. Jina lako sikulisahau kwenye programu. Nililiandika, nikalitazama, nikalifuta, nikasogeza maneno ili pengo lisionekane. Nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa, na mtu huyo asiwe mimi. Cherehani Ouma aliyoirudia majini ilikuwa ya marehemu mama yangu. Mimi ndiye niliyekuazima. Na siku ile ya maji, mimi ndiye niliyempigia Ouma simu. Alikuwa ameshatoka, yuko pakavu. Nikamwambia, cherehani ya mama isilowe. Akasema, sawa, dada, naifuata. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu, na sijawahi kumwambia mtu. Wewe hukumtuma. Nilimtuma mimi, kisha nikakuita kupe. Naomba msamaha, na sitegemei unipe leo.

Tarehe 6 nilifungua faili nikiwa nimeazimia. Nikakaa na mistari miwili mbele yangu, 214 na 231, nikaona kwamba hata nikihamisha namba mara mia, mmoja wenu atabaki tupu. Lililokosekana halikuwa namba. Ni maneno mawili ambayo niliyatoa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwenye karatasi ya mazishi.

Kwa hiyo nimekwenda kwa wakili hapa Kawangware, nikaapa. Kiapo kinasema mimi Jael Akoth ndiye niliyeandika programu ya mazishi ya Ouma. Kwamba marehemu alimwacha mke, Celine Atieno, aliyekuwa mjamzito. Kwamba familia ilimjua hivyo. Na kwamba nililiacha jina lake nje kwa makusudi, nikijua ninafanya nini. Wakili alivua miwani akaniuliza kama ninataka kweli kuacha neno "makusudi." Nikamwambia hilo ndilo nililokuja kuapia.

Nikampelekea Geoffrey. Amesoma mara mbili.

"Huyu Filister ni nani wako?"

"Mama yangu."

"Ulitia sahihi kwamba huna jamaa."

"Nilitia kabla sijajua. Nilipojua, nikadanganya."

Akazungusha kalamu mezani. Kisha akamtuma Mutie aje kupima hatua zenu na kuuliza la jiko, kwa sababu mimi sikuruhusiwa tena kukaribia Silanga. Mutie amerudi na jibu la Celine. Limetosha.

Mlango 214 na 231 ni kaya moja sasa. Namba imerudi kwa mwenyewe, Filister Adoyo, na Celine na mtoto wako chini yake, mke wa mwana na mjukuu. Mtapata nyumba moja. Mngekuwa wajanja zaidi mngepata mbili, lakini moja yenye kweli ndiyo niliyoweza. Nisameheni kwa hiyo ya pili.

Wale watupu wengine sikuwafuta. Nimewaweka kwenye karatasi yao, milango upande mmoja na watu upande wa pili, na Mutie atapita kuwauliza mmoja mmoja kabla ya Ijumaa. Nicanor amebaki na mlango mmoja. Mimi kazi inaisha tarehe 31, pamoja na orodha. Geoffrey amesema hivyo kwa upole, ila amesema.

Kuna nafasi moja bado iko wazi. Kiapo kinasema "mtoto mmoja wa kike," lakini orodha haikubali mtu asiye na jina, itamtoa. Nilikaa kuandika jina lake, vidole vikasimama. Silijui. Ana mwaka mmoja, ni damu ya Ouma, na sijawahi kuuliza.

Phanice nimemwambia asiondoke hapo mpaka mjibu. Anaitwa nani?

Jael

* * *

Silanga
Jumanne, 28 Oktoba 2025

Jael, mwanangu,

Phanice amesimama mlangoni akilalamika kunde zinanyauka, kwa hiyo salamu chukua hii moja ya kukutosha. Tuko wazima, watatu.

Celine amesoma barua yako yote. Mahali ulipomwambia asiruke, hakuruka. Alipomaliza aliingia ndani akakaa kidogo, akarudi na kalamu.

Kuhusu ile simu uliyompigia Ouma, leo sina la kusema. Nitalisema tukionana, na pengine nitalisema kwa sauti kubwa, na wewe utakaa usikilize mpaka nimalize. Kisha tutakula. Ukipoteza kazi usikae huko kwa Wakarima ukikonda, njoo.

Jina ulilouliza. Mimi nilitaka mtoto aitwe jina la upande wa Ouma, la bibi ya baba yake. Celine alikataa. Hiyo ilikuwa Septemba mwaka jana, miezi minne baada ya programu yako, na ile karatasi bado anayo mpaka leo. Alisema cherehani ya mama yako ndiyo iliyomlisha kabla ya maji, na mwenyewe hakuwahi kumkuta hai amshukuru.

Anaitwa Nereah, kama mama yako. Nereah Ouma. Muandike.

Filister na Celine